Je, Wajua? Kisu Kinachoongozwa na Kompyuta

Je, wajua kwamba mashine inayokata stika za bodaboda, majina ya fulana na maua ya kadi za harusi ilianza kama mashine ya kuchora? Mwaka 1959 kampuni ya CalComp ya Marekani ilitoa CalComp 565, mashine iliyozungusha karatasi juu ya pipa huku kalamu ikienda kushoto na kulia, ikichora kile ambacho kompyuta imeagiza. Wahandisi waliitumia kwa grafu na ramani. Miaka ikapita, kalamu ikatolewa na kisu kikapachikwa mahali pake. Hadi leo mashine nyingi za kukatia stika, ziitwazo plota, zinaelewa HP-GL, lugha ya maagizo ambayo Hewlett-Packard iliitunga kwa ajili ya mashine zake za kuchora: inua kalamu, shusha kalamu, nenda pale. Mashine haina habari kwamba sasa imeshika kisu. Ndiyo maana nyingi kati ya mashine hizi hukubali kurudishiwa kalamu, na mtengeneza kadi anaweza kuiachia iandike majina ya waalikwa juu ya bahasha, moja baada ya nyingine.

Mmoja wa waliokikabidhi kisu kwa kompyuta ni H. Joseph Gerber, na maisha yake yanastahili kusimuliwa. Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1924, katika familia ya Kiyahudi. Akaukimbia utawala wa Wanazi na kufika Marekani mwaka 1940, bado kijana. Aliposomea uhandisi wa ndege katika chuo cha Rensselaer, jimbo la New York, alichoshwa na hesabu za kusoma mistari iliyopinda kwenye grafu. Akachomoa mpira wa kiunoni wa pajama yake, akautia alama zenye nafasi sawa, kisha akawa anauvuta mpaka alama zilingane na vipimo vya grafu iliyo mbele yake. Kutokana na mpira huo alibuni rula ya kuvutika, na juu ya rula hiyo akajenga kampuni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni yake ilitengeneza mashine ya kukatia nguo viwandani: tabaka nyingi za kitambaa hubanwa mezani kwa nguvu ya hewa inayofyonzwa kutoka chini, na kisu hupita humo kikifuata kompyuta. Mwaka 1983 ikatoka Signmaker III, iliyokata herufi za vinaili, ile karatasi ya plastiki yenye gundi tunayoiita stika. Kabla ya hapo bango la duka lilikuwa kazi ya fundi mwenye brashi na mkono uliotulia. Mwaka 1994 Marekani ilimtunuku Gerber Medali ya Taifa ya Teknolojia.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba kisu hiki huishi kwa maagizo ya kompyuta, ilhali anayetaka kununua mashine leo huuliza bei, kisha nguvu, basi. Mimi ningemshauri aanze na maswali mengine mawili: nitakata nini hasa, na programu ya mashine hii ikoje?

Tuchukue nguvu. Mgandamizo wa kisu hupimwa kwa gramu. Cricut Maker, mashine ya kampuni ya Cricut, ilitangazwa kuwa na gramu 4,000, na Cameo 4 ya kampuni ya Silhouette ilitangazwa kufika 5,000. Zinavutia, lakini vinaili ya kawaida ya stika hukatika kwa gramu 100 hivi. Mtu anayekata stika na fulana tu akilipia kilo nne au tano, analipia nguvu ambayo mashine yake haitaitumia. Nguvu hiyo ina maana kwa anayekata ngozi nene, kadibodi ngumu au mbao nyembamba sana. Maker ikiwekewa kisu chake kinene hupita kwenye kitu chenye unene wa hadi milimita 2.4, tena kwa kurudia mkato mara nyingi.

Kitambaa nacho kina kisu chake. Maker ina kisu cha duara kinachobiringika, nacho hukata kitenge au kanga bila kuhitaji kugandisha kitambaa kwa karatasi ya nyuma. Fundi wa viraka, vibegi na hereni za kitenge atafurahi. Fundi wa magauni asiinunue kwa kazi hiyo, kwa kuwa mkeka wa kunata unaoshika kitambaa una upana wa sentimita 30 na kidogo, na kipande cha mgongo wa gauni hakiingii hapo.

Je, wajua kwamba kisu cha mashine nyingi hizi hakielekezwi na injini yoyote? Ncha yake haipo katikati ya mhimili; imesogezwa pembeni kidogo, kwa kawaida robo ya milimita. Mashine inapokivuta, chenyewe hugeuka kufuata mwendo, kama gurudumu dogo la chini ya kiti cha ofisi. Programu lazima ijue umbali huo wa robo milimita ili ikifika kwenye kona ipitilize kidogo kisha igeuke. Ikidanganywa, kona za herufi huwa butu na nyota hupoteza ncha zake. Wengi huilaumu mashine nzima kwa kosa ambalo lingerekebishwa kwa kubadili tarakimu moja kwenye programu.

Na ncha haipaswi kutoka nje sana. Stika nzuri hukatwa vinaili peke yake, karatasi ya nyuma ikabaki nzima. Visu vya nyuzi 45 hutosha kwa stika na karatasi. Vya nyuzi 60 ni vya vitu vinene zaidi.

Jambo jingine lililotokana na mashine za kuchora ni magurudumu yenye mikwaruzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Hewlett-Packard iliuza mashine ndogo ambazo karatasi ndiyo iliyokwenda mbele na nyuma, ikibanwa kwenye magurudumu madogo yenye ukwaruzo kama wa msasa, badala ya kulazwa juu ya meza kubwa. Kwa njia hiyo mashine ya kukaa juu ya dawati inaweza kukata bango lenye urefu wa mita kadhaa. Upana ndio usiobadilika. Kwa kadi, vikombe na fulana, sentimita 30 zinatosha. Anayelenga vioo vya maduka au ubavu wa daladala atafute plota ya sentimita 60 au 72, ambayo watengenezaji wa China huuza kwa wingi.

Sasa programu, ambako ndiko wanunuzi wengi huumia. Hizi si pasi wala cherehani, ambazo ukinunua umemaliza. Machi 2021 Cricut ilitangaza kwamba watumiaji wasiolipa ada ya kila mwezi wangeruhusiwa kuingiza michoro yao 20 tu kwa mwezi kwenye programu yake. Watu walikuwa wamekwisha kununua mashine, tena kwa bei isiyo ndogo. Walipinga kwa sauti kubwa, na ndani ya siku chache kampuni ikaufuta mpango huo. Walioshinda hapo walishinda kwa sababu walikuwa wengi. Karibu miaka mitatu kabla ya hapo, Julai 2018, kampuni hiyohiyo ilifunga programu yake ya zamani, Craft Room. Mashine za zamani zilizotumia katriji za michoro ziliendelea kukata, lakini Cricut Mini ilitegemea programu hiyo peke yake. Chuma kilikuwa kizima, injini nzima, kisu kikali, na hakuna wa kuiagiza kitu. Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu mashine kuukuu hupatikana kwa bei rahisi. Kabla ya kutoa pesa, hakikisha modeli hiyo bado inakubaliwa na programu ya leo, na kwamba aliyekuwa nayo ameiondoa kwenye akaunti yake.

Silhouette ni kampuni ya Marekani iliyo chini ya Graphtec ya Japani. Programu yake hufanya kazi bila intaneti, faida kubwa mahali ambapo bando huisha katikati ya kazi. Ila toleo lake la bure halifungui faili za SVG; kuzifungua kunalipiwa. Brother, nayo ya Japani, ilichukua njia tofauti: ScanNCut ina skana ndani yake. Unaweka ua lililochorwa kwa mkono, au kipande cha kitenge chenye ndege unayempenda, mashine inakisoma na kukata ukingo wake bila kompyuta kabisa. Kwa mama anayefanya kazi mezani nyumbani, asiyetaka kujifunza programu, hiyo ingekuwa chaguo langu la kwanza.

SVG ni nini? Ni aina ya faili inayohifadhi mchoro kwa maelezo ya mistari badala ya nukta za rangi, iliyopitishwa rasmi na shirika la viwango vya mtandao, W3C, mwaka 2001. Kisu kinahitaji mstari wa kufuata. Picha ya JPG haina mstari. Ina rangi tu. Mteja anapokutumia nembo ya kikundi chake kwa WhatsApp, ikiwa imefifia na ukungu pembeni, programu itajaribu kuukisia ukingo na kukupa mamia ya vipinda visivyo vya lazima, na kisu kitatetemeka kwenye kila kimoja. Mwombe faili ya awali, au ichore upya kwa Inkscape, ambayo ni ya bure. Na je, wajua hesabu za mistari hiyo iliyopinda zimetoka wapi? Kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kila mmoja kwa njia yake, walitafuta namna ya kuieleza kompyuta umbo la bodi ya gari. Mviringo wa herufi «S» kwenye fulana ya mwanao unafuata hesabu hizohizo.

Kwa fulana, kumbuka kuugeuza mchoro kama unavyoonekana kwenye kioo, kwa sababu vinaili ya kupigwa pasi hukatwa upande wa nyuma. Ibandike kwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, sekunde 10 hadi 15, ukifuata maelezo ya aliyeitengeneza. Kama unaletewa pasi bapa ya fulana kutoka Marekani, soma volti zake: umeme wa kule ni volti 120, wetu Tanzania 230 na Kenya 240. Mashine ndogo za kukatia kwa kawaida huja na adapta inayokubali volti zote hizo. Pasi nyingi hazikubali.

Wapo wanaoshawishika kununua mashine ya leza wakidhani ni kisu bora zaidi. Kwa mbao na akriliki, ni kweli. Kwa stika, hapana kabisa. Vinaili nyingi ni PVC, na PVC ikichomwa kwa leza hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayounguza mapafu na kuila mashine kwa kutu. Usikubali mtu akwambie kwamba kufungua dirisha kunatosha.

Ukiruhusiwa kujaribu dukani, nenda na faili yako mwenyewe yenye maumbo matatu. Nyota, kuona kama kona zinakatika kwa ncha kali. Duara kubwa, kuona kama mwanzo na mwisho wa mkato vinakutana. Visipokutana, magurudumu yanateleza au mashine imelegea. Na jina refu lenye herufi za nusu sentimita, kisha uzing'oe taka zake papo hapo kwa sindano, uone kama herufi zinabaki zimeshika karatasi au zinanyanyuka pamoja na taka.