Siku 90 Baada ya Barua ya Kukataliwa

Mwanafunzi wa kigeni aliyepoteza hadhi yake ya kisheria nchini Kanada ana siku 90 za kuomba arejeshewe. Nafasi hiyo imo katika kanuni ya 182 ya Kanuni za Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi. Wanafunzi wengi wa kwetu huisikia kwa mara ya kwanza siku wanapoihitaji, tena kutoka kwa mwenzao wa nyumba ambaye naye ameisikia nusunusu. Wanaokwama hawakwami kwa sababu ya barua ya kukataliwa peke yake. Wengi hukwama kwa yale waliyoyafanya, au waliyoyaacha, katika wiki zilizofuata barua hiyo.

Kabla ya kuhesabu siku, tutenganishe viza na kibali cha masomo, maana simu nyingi za kilio zinazopigwa nyumbani huchanganya hivi viwili. Viza inayobandikwa kwenye pasipoti inakufikisha mlangoni tu. Kinachokuruhusu kuishi na kusoma ukiwa ndani ni kibali. Mtu anaweza kukaa Toronto na viza iliyokwisha muda bila kosa lolote, mradi kibali chake kiko hai. Akiomba viza mpya ili aje likizo Mombasa kisha arudi, na akanyimwa, masomo yake hayaguswi. Tatizo lake ni la safari. Aliyenyimwa kuongezewa kibali ndiye mwenye saa inayokimbia. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa “nimenyimwa viza” aulize kwanza: karatasi gani hasa imekataliwa?

Sasa hesabu. Mchukulie msichana wa Arusha anayesoma Winnipeg, kibali chake kinakwisha tarehe 31 Agosti. Aliomba kuongezewa tarehe 20 Agosti, yaani kabla ya muda kwisha. Sheria inamlinda: anaendelea kuwa mwanafunzi halali kwa masharti yaleyale ya kibali cha zamani mpaka jibu litoke, hata jibu likichukua miezi. Jibu likitoka tarehe 14 Novemba na likawa hapana, hadhi yake inakoma siku hiyo, na siku 90 zinaanzia hapo. Ana mpaka tarehe 12 Februari.

Lakini kama aliomba tarehe 5 Septemba, siku tano tu baada ya kibali kwisha, ulinzi ule hautamhusu. Hadhi yake ilikwisha tarehe 31 Agosti na hesabu ilianza pale pale, yeye akiwa bado anaamini kwamba ombi lake liko mezani. Siku ya tisini ni tarehe 29 Novemba. Barua ile ile ya tarehe 14 Novemba itamkuta amebakiwa na siku kumi na tano. Kuchelewa siku tano mwezi Septemba kumemnyang’anya zaidi ya miezi miwili. Na yule ambaye jibu la hapana linamkuta kibali chake cha zamani bado kina muda? Huyo hajapoteza chochote bado; anaweza kuomba upya kwa njia ya kawaida kabla muda haujaisha.

Kuanzia siku hadhi inapokoma, mambo mawili hayaruhusiwi: kusoma na kufanya kazi. Hapa ndipo pagumu, na sitajifanya kwamba ni rahisi. Kodi ya chumba haisimami, ada ya muhula imeshalipwa, na meneja wa duka anataka mtu wa zamu ya usiku. Wengi huendelea kimyakimya wakisema ombi limeshapelekwa. Kupeleka ombi la kurejeshewa hadhi hakukurudishii ruhusa ya kusoma wala ya kazi. Unasubiri huku umekaa. Na kanuni inamtaka mwombaji awe hajavunja masharti mengine ya kukaa kwake. Zile zamu za usiku, ambazo mwajiri amezikata kodi na kuziandika, ndizo zinazoweza kuliua ombi ambalo lingepita. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni upumzishe masomo kwa utaratibu, na waambie nyumbani ukweli mapema ili wajue watakutunza vipi.

Ombi lenyewe hulipiwa mara mbili. Ada ya kibali cha masomo ni dola 150 za Kanada, na juu yake kuna ada ya kurejeshewa hadhi inayozidi dola 200. Anayelipa ya kwanza peke yake, akidhani anaongeza muda kama zamani, anaweza kurudishiwa makaratasi yake huku siku zikiendelea kuhesabiwa. Ndani ya ombi lazima aeleze kwa maandishi hadhi ilipoteaje, na aonyeshe kwamba bado anatimiza masharti ya mwanafunzi: chuo kilichoidhinishwa, fedha, pasipoti hai.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kupeleka faili lile lile lililokataliwa, likiwa na barua ya kuomba huruma juu yake. Afisa alikataa kwa sababu fulani. Isipoondolewa, hana cha kubadilisha. Bahati mbaya barua za kukataliwa mara nyingi huwa fupi, zenye sentensi zilizokwisha kuandaliwa, na sababu yenyewe huwa imo kwenye maelezo ambayo afisa aliyaandika kwenye mfumo. Kama hayakuambatanishwa na barua, mtu yeyote aliyeko Kanada anaweza kuyaomba kwa sheria ya upatikanaji wa taarifa, kwa dola 5. Sheria inaipa serikali siku 30 kujibu, kwa hiyo anayeyaomba wiki ya kwanza anaweza kuyapata angali ana nafasi ya kuyafanyia kazi.

Sababu inayojirudia sana kwa watu wa kwetu ni fedha. Kwa miaka mingi mwanafunzi asiye na familia alitakiwa kuonyesha dola 10,000 za kujikimu, mbali na ada ya chuo. Tarehe 1 Januari 2024 kiwango hicho kilipanda hadi 20,635, na tangu Septemba 2025 ni 22,895 kwa mikoa yote isipokuwa Quebec, ambayo ina viwango vyake. Aliyeondoka nyumbani kwa hesabu ya zamani anashtuka anapoomba kuongezewa kibali. Kisha kuna namna fedha zetu zinavyokusanywa. Harambee hufanyika, wajomba huchanga, mkopo wa SACCOS hutoka, na akaunti iliyokuwa karibu tupu inajaa kwa wiki moja. Kwetu huo ni ukoo umesimama pamoja. Kwa afisa asiyetujua inaonekana ni pesa za kuazima za kupigia picha. Dawa yake si kuficha. Eleza nani alichanga, ambatanisha hati ya mkopo, toa taarifa za benki za wachangiaji wakubwa na za mishahara yao. Hati ya shamba peke yake haisaidii sana, kwa sababu shamba halilipi kodi ya chumba mwezi ujao.

Wazazi wa Uasin Gishu, Kenya, wanajua fedha zinavyoweza kupotea kabla hazijafika chuoni. Mwaka 2023 waliandamana Eldoret kudai walichokuwa wamelipa katika mpango wa kaunti wa kupeleka vijana Finland na Kanada, huku baadhi ya waliokwisha kufika Finland wakiwa hatarini kurudishwa kwa sababu ada zao hazikuwa zimelipwa. Stakabadhi ya chuo chenyewe ina uzito mbele ya afisa. Ya mtu wa kati haina.

Kikwazo kingine ni kidogo na kinaudhi: pasipoti. Kibali hakitolewi kupita tarehe ya mwisho ya pasipoti, kwa hiyo mwenye pasipoti ya miezi minne anapewa kibali cha miezi minne. Anza mapema na ubalozi wako ulioko Ottawa, iwe wa Tanzania au wa Kenya.

Kuna kundi ambalo kanuni ya 182 inalifungia mlango waziwazi. Ni wale walioacha kuhudhuria chuo, au waliojiandikisha bila kusoma, kinyume cha sharti la kuendelea na masomo. Hao hawarejeshewi hadhi ya mwanafunzi. Watafute mwanasheria mapema, kwa sababu njia zao ni nyembamba.

Mbali na kuomba kurejeshewa hadhi, unaweza kumwandikia afisa aliangalie tena ombi, au kuomba ruhusa ya kwenda Mahakama ya Shirikisho ndani ya siku 15 kwa uamuzi uliotolewa ndani ya Kanada. Mahakama haitoi kibali. Ikiona uamuzi haukuwa na mantiki, hulirudisha faili kwa afisa mwingine. Wala barua wala kesi haisimamishi zile siku 90. Zikipita, kinachobaki ndani ya nchi ni kibali maalumu cha ukaazi wa muda, ambacho ni hiari tupu ya afisa, au kufunga virago. Kuondoka mwenyewe kabla hujaandikiwa amri yoyote kuna faida yake: amri ya kutolewa kwa kukaa kupita muda huja na marufuku ya kurudi ya mwaka mmoja.

Walioko kwingine wasiihamishe hesabu hii. Uingereza hutoa siku 14 tu, na Marekani hutazama kama mwanafunzi ameomba ndani ya miezi mitano.

Anayekuahidi “kuisafisha” barua ya benki au ya chuo anakuuzia tatizo jingine. Kanada humfungia milango kwa miaka mitano anayepatikana amewasilisha taarifa za uongo, hata kama mwandishi wake ni wakala na wewe ulisaini tu. Kisheria, anayeruhusiwa kukutoza fedha kwa ushauri wa uhamiaji ni mwanasheria, mthibitishaji wa Quebec, msaidizi wa kisheria mwenye leseni ya Ontario, au mshauri aliyesajiliwa na Chuo cha Washauri wa Uhamiaji na Uraia, chombo kilichoanza kazi Novemba 2021. Orodha ya washauri hao iko wazi kwenye intaneti na kuitazama ni bure. Litafute jina la mshauri wako kabla hujamtumia hata senti.