Je, Wajua? Titi Likishaundwa Upya, Kazi Huhamia Nyumbani

Je, wajua kwamba ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, ilhali mwanamke aliyetoka kuundiwa titi upya baada ya lile la awali kuondolewa kwa saratani huambiwa asinyanyue zaidi ya kilo 2 hadi 5 kwa wiki 6 hivi? Ndoo moja ya kisimani imezidi kipimo chake mara nne au zaidi. Na kutwishwa hakumwokoi: ndoo ikishakaa kichwani, mkono bado unapanda kuishikilia, na misuli ya tumbo bado inabeba. Kwa hiyo wa kwanza kulijua hili wawe wale wanaoishi naye, pale Kivinje, Nangurukuru au Mchinga, huku kwetu Lindi. Yeye mwenyewe ameshaambiwa hospitalini. Lakini akiona mapipa matupu na watoto hawajaoga, atainuka.

Je, wajua kwamba nyama ya titi jipya yaweza kuwa ya mwenyewe? Huchukuliwa mgongoni au chini ya kitovu. Njia ya mgongo ilielezwa na daktari Mwitaliano Iginio Tansini mwaka 1906. Ile ya tumbo ilitangazwa na Mmarekani Carl Hartrampf mwaka 1982. Njia isiyotumia nyama ya mwenyewe, yaani pandikizo la silikoni, ilianzia Houston, Texas, mwaka 1962.

Je, wajua kwamba titi lililotoka tumboni halisahau asili yake? Mwenyewe akinenepa, nalo hunenepa.

Je, wajua kwamba msuli mpana wa mgongo, unaohamishiwa kifuani, ndio huohuo unaotumika kuvuta kasia, kuteka maji kwa kamba na kujiinua kutoka chini? Misuli mingine hujifunza kushika kazi yake, ila kwa miezi kadhaa mwanamke huona mkono wa upande ule umekosa nguvu ya kuvuta. Wengine hushtuka titi linaporukaruka kila wakinyoosha mkono. Neva ya msuli ingali hai, na msuli haujui bado kwamba umehama. Hali hiyo hupungua kadiri siku zinavyokwenda.

Je, wajua kwamba saa 72 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa kwa nyama iliyohamishwa? Wauguzi huipitia mara kwa mara, usiku na mchana, kuona kama damu inafika. Kwenye ngozi nyeusi weupe wa kukosa damu hujificha, ndiyo maana muuguzi hodari hugusa kusikia joto na kubonyeza kuona damu ikirudi, wala haridhiki kwa kutazama tu.

Sasa lile ninalotamani lisomwe kwa sauti katika kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii. Je, wajua kwamba titi lililoundwa upya kwa kawaida halina hisia, au lina hisia kidogo sana, kwa sababu neva za ngozi zilikatwa? Pwani yetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na mama, shangazi au bibi mwenye mapenzi atataka kumfanyia hivyohivyo mwanawe aliyerudi na mshono kifuani. Asifanye. Maji ambayo mkono wa mkandaji unayavumilia yanaweza kumuunguza mgonjwa bila yeye kusikia chochote, akaja kuona malengelenge baadaye. Madaktari wa nchi nyingi wameandika juu ya wanawake walioungua matiti kwa chupa za maji ya moto na vitambaa vya kukandia, wengi wakisema hawakusikia maumivu. Hata kuinamia jiko la mkaa kwa muda mrefu ni hatari. Hisia zikirudi, hurudi polepole, miezi hata miaka, na mara nyingi si zote. Bibi anayetaka kusaidia anayo kazi nyingine: kumkunia nazi, kwa maana kukaa juu ya mbuzi na kusukuma mkono mbele na nyuma ni kazi isiyomfaa mgonjwa kabisa wiki hizo.

Je, wajua kwamba kanga yaweza kuwa vazi bora kuliko yote siku hizo, na pia yaweza kudhuru? Dera huvaliwa kwa kupitisha kichwani, na mikono ya mgonjwa haiendi juu ya mabega mpaka daktari aruhusu. Kanga ya kujitanda au gauni la vifungo mbele humwondolea shida hiyo. Lakini kujifunga kanga kifuani kwa kukaza, kama wanawake wanavyofanya wakienda kuoga, hapana. Nyama iliyotolewa tumboni wakati mwingine huvutwa chini ya ngozi ikiwa bado imeshikana na mshipa wake wa damu, na mshipa huo hupita pale juu ya tumbo, chini ya titi. Fundo la kanga likiubana, damu haifiki. Tumbo la chini, kwa upande mwingine, hospitali nyingi hulifunga mkanda makusudi. Mgonjwa aulize kabla hajaruhusiwa: nifunge wapi, nisifunge wapi? Majibu hutofautiana kulingana na upasuaji.

Je, wajua kwamba mkeka ni adui katika wiki za mwanzo? Kuinuka kutoka sakafuni hutumia tumbo na mikono kwa pamoja. Kitanda, mito miwili mgongoni, mmoja chini ya magoti.

Je, wajua kwamba mirija ya kutoa majimaji kwa kawaida huondolewa pale yanapotoka chini ya mililita 30 kwa saa 24, yaani kama vijiko viwili vikubwa? Wengi huruhusiwa nayo ingali mwilini. Andika kipimo kila siku kwenye daftari la mtoto wa shule, na omba barua ya hospitali inayoeleza ulifanyiwa nini. Muuguzi wa hospitali ya Kinyonga pale Kivinje, au ya Sokoine mjini Lindi, akiisoma barua hiyo atajua la kufanya. Bila barua atakisia.

Je, wajua kwamba mkono kuvimba baada ya kuondolewa tezi za kwapani si matende? Hapa pana kosa linaloumiza watu wa Lindi hasa, kwa kuwa matende na mabusha tumeishi nayo vizazi na vizazi. Mpango wa taifa wa kuyatokomeza ulianzia kisiwani Mafia mwaka 2000, jirani zetu wa kaskazini, kwa kugawa dawa za ivermectin na albendazole kwa jamii nzima. Mtu akimwona mwanamke mwenye mkono mnene husema moja kwa moja: ana matende. Uvimbe wake, hata hivyo, haukuletwa na mbu wala minyoo. Njia za majimaji ya mwili zilikatwa pamoja na tezi, au zilikauka kwa mionzi, na majimaji yakakosa pa kupita. Dawa za matende hazitamsaidia, na hakuna anayeambukizwa kwa kumgusa. Hali hii yaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya upasuaji.

Hata hivyo matunzo ya mkono huo na ya mguu wenye matende yanafanana sana: kuosha kwa sabuni, kukausha vizuri, kuinua kiungo wakati wa kupumzika, kukifanyisha mazoezi, na kukilinda na kila jeraha. Kwa mwanamke wa pwani jeraha hilo lina sura zinazojulikana: mwiba wa samaki wakati wa kupaa magamba, kisu cha kuparua pweza, jembe, upele wa mbu uliokunwa. Mkono ukiwa wa moto, unauma na umevimba ghafla, ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Je, wajua kwamba vidole huanza mazoezi mapema, mara nyingi siku inayofuata? Kukunja ngumi na kukunja kiwiko kwanza. Mirija ikishatoka na daktari akaruhusu, kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole taratibu, ukiweka alama ya mkaa mahali vilipofika.

Je, wajua kwamba ugoro na tumbaku ya kwenye tambuu ni hatari kama sigara? Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, ileile ambayo nyama iliyohamishwa inaitegemea. Wapasuaji hutaka mtu aache wiki kadhaa kabla, na asirudie.

Je, wajua kwamba jeraha hujengwa kwa protini? Dagaa, kunde, choroko, mbaazi, mayai, na ufuta, ambao Lindi inauuza kwa magunia huku watoto wetu wakiula mara chache.

Je, wajua kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilitaja waziwazi kuundwa upya kwa titi lililoondolewa kuwa miongoni mwa upasuaji unaoruhusiwa? Lilitofautisha kurekebisha kilichoharibika na kubadili umbile kwa ajili ya urembo tu. Wapo wanawake wanaobeba hofu ya dhambi kimyakimya, na wanastahili kuambiwa hili. Mgonjwa anaruhusiwa pia kuswali ameketi, au amelala, na aliyepasuliwa tumboni asijilazimishe kusujudu kwa kuinama mapema.

Je, wajua kwamba barabara nayo ni sehemu ya matibabu? Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 liliondoa foleni ya kivuko cha Rufiji, lakini Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata njia wilayani Kilwa, na wasafiri wakakwama kwa siku kadhaa. Mwenye miadi ya kutolewa mirija Dar es Salaam angefanyaje? Anayeweza kuchagua tarehe aiepuke Machi hadi Mei. Kiangazi nacho kina gharama yake, kwa sababu Juni na Julai shamba la ufuta linasubiri mikono, na familia iamue mapema nani atavuna badala yake. Ndani ya basi asimame na kutembea kila gari linaposimama: saratani, upasuaji na kukaa muda mrefu, vyote vitatu huleta damu kuganda miguuni.

Je, wajua kwamba nchini Tanzania takribani wanawake 8 kati ya 10 wenye saratani ya matiti hufika hospitali ugonjwa umeshasonga mbele? Ndiyo sababu kwa wengi kuunda titi husubiri hadi mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road iishe na ngozi itulie, miezi kadhaa, na wengi zaidi hawafikii hatua hiyo kabisa. Fundi cherehani anaweza kuwashonea titi la kuvaa: kitambaa laini cha pamba kilichojazwa na kutiwa uzito kidogo ndani, ili sidiria isipande juu. Hilo nalo ni jambo la heshima, na lisisubiri mtu aone aibu kuuliza.

Je, wajua kwamba uvimbe mgumu ndani ya titi jipya mara nyingi ni mafuta yaliyokosa damu yakafa? Usikisie lakini. Aonwe na daktari, na titi la upande wa pili liendelee kuchunguzwa.

Homa ya nyuzi 38, mshono unaotoa usaha au harufu, titi linalobadilika rangi au kupoa, mguu mmoja kuvimba, pumzi kukata: haya hayangoji asubuhi wala gari la kesho.