Picha za Mashamba Kutoka Angani: Ulizeni Kwanza Shata ya Kamera

Wanachama kadhaa wameleta ofisini habari za vijana wenye droni, yaani vile videge visivyo na rubani, wanaotaka kupiga picha za mashamba kwa malipo. Wengine wataka idadi ya mikarafuu. Wengine wataka mpaka. Kabla hamjatoa fedha, ulizeni: kamera ile ina shata ya namna gani?

Shata ndiyo mlango wa nuru. Kamera nyingi za siku hizi hazina mlango wa chuma. Sensa, yaani kile kibati kinachopokea nuru, husomwa mstari baada ya mstari, kama mtu asomavyo ukurasa. Kamera ikitulia hapana dhara. Lakini droni ikienda mita 10 kwa sekunde, na sensa ikichukua sehemu moja ya 30 ya sekunde kumaliza kusoma, mstari wa mwisho utapigwa karibu sentimita 33 mbele ya ule wa kwanza. Picha hurefuka, hufupika au hulala upande. Kufupisha muda wa nuru hakuponyi, maana kila mstari bado wangoja zamu yake.

Namna ya pili hushika mistari yote kwa pamoja. Ni bora kwa kitu kinachokwenda, lakini ghali. Mwaka 2023 Sony walitangaza a9 III, kamera ya kwanza ya namna hiyo yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35.

Iko na njia ya kati: mlango wa chuma, kama uliotiwa katika droni ya Phantom 4 Pro mwaka 2016. Mlango hufunga, kisha sensa husomwa taratibu gizani.

Kwa kuhesabu miti sioni haja ya kulipa zaidi. Sentimita 33 hazigeuzi mkarafuu mmoja kuwa miwili. Mpaka ni jambo jingine, nasi twajua watu waliopelekana mahakamani kwa hatua moja ya ardhi. Hapo takeni mlango wa chuma au shata ya pamoja, ama droni isimame kila ipigapo. Ziko programu zinazosahihisha kosa hili, ila mpimaji na aonyeshe alama alizozipima chini. Na matawi yakiyumba kwa upepo, hakuna shata itakayowafaa. Chagueni siku ya shwari.

Mwanachama aliyekwisha kupewa karatasi ya bei na ailete ofisini kabla ya kutia sahihi, tuisome pamoja.