KUIONA MBINU SI KUIJUA

Tarehe 15 Septemba, 2025, katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo, Alphonce Simbu, mwana wa Mkoa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi, alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia moja za sekunde. Huo ni muda usiotosha hata kupepesa jicho. Baada ya kilomita 42 na zaidi, wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ambayo Tanzania imeipata katika mashindano ya riadha ya dunia. Twashangilia hatua zile za mwisho, lakini hapana shaka kwamba zilinunuliwa miaka mingi kabla, kwa mazoezi yale yale yaliyorudiwa asubuhi baada ya asubuhi.

Mji huo huo wa Tokyo umeuletea ulimwengu somo jingine la mazoezi, nalo ndilo tutakalo kulizungumza leo. Mwaka 1882 mwalimu Jigoro Kano alifungua hapo chuo cha Kodokan. Aliichukua jujitsu ya zamani, akaziweka kando mbinu za kuumizana vibaya, ili wanafunzi wake waweze kupambana kwa nguvu zao zote na kesho yake warudi mazoezini wakiwa wazima. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914. Mafunzo yake yalipokewa na kijana Carlos Gracie katika mji wa Belém, na ndugu zake wakayaendeleza, hasa katika mapambano ya kulala chini. Huo ndio mchezo uitwao leo jujitsu ya Kibrazili.

Siku hizi kijana wa Ikungi au Manyoni aweza kuutazama mchezo huo katika simu yake bila kulipa kiingilio. Jambo hilo ni jema. Lakini je, atazamaye mbinu kumi kwa usiku mmoja amejifunza ngapi? Twasema bila kusita kwamba hajajifunza hata moja. Kesho yake humwita rafiki, naye rafiki humpa mkono kama ampaye salamu, na mbinu ikafaulu. Siku atakapokutana na mtu akataaye kutoa mkono, yote aliyoyaona yatamtoka kichwani.

Na tuchukue mbinu moja tu, iwe mfano. Umelala chali, na mwenzako amekukalia tumboni, magoti yake yakiwa chini pande zote mbili za mbavu zako. Kwanza, bana viwiko vyako karibu na mbavu. Pili, akiweka mkono kifuani pako, ushike kwa mikono yako miwili, mmoja kwenye kifundo na mwingine juu ya kiwiko, uubane hapo hapo. Tatu, kwa mguu wako wa upande ule ule, uzibe mguu wake kwa nje asiweze kuutoa. Nne, vuta visigino karibu na makalio, inua kiuno juu sana, kisha geuka kwa kupitia bega la upande huo. Tano, mkishageuka utajikuta juu, katikati ya miguu yake. Inua kichwa na unyooshe mgongo, wala usilegee.

Sababu yake ni nyepesi. Mtu aliyekukalia ni kama meza ya miguu minne, yaani mikono yake miwili na miguu yake miwili. Ukiondoa miguu miwili ya meza upande mmoja, meza haina budi kuangukia upande huo. Lakini ukiondoa mmoja tu, meza itasimama, hata uwe na nguvu za ng'ombe.

Sasa yafuata mazoezi yenyewe. Anza peke yako kwa kuinua kiuno na kugeuka, kulia na kushoto, kwa dakika chache. Kisha fanya na mwenzako asiyepinga, mara kumi kila upande, polepole, ukizitaja hatua kwa sauti. Zikikaa vizuri, mwenzako apinge kwa robo ya nguvu zake, akijaribu kuuokoa mkono. Baadaye kwa nusu. Mwisho, anzeni kila mara katika hali ile ile ya kukaliwa, pambaneni kikweli kwa dakika mbili, na mmoja akishafaulu mbadilishane nafasi. Mbinu ikishindikana, usiirudie kwa haraka zaidi, maana utakuwa walizoesha kosa. Simama ujiulize: ni mguu upi wa meza niliouacha huru?

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya wenye nafasi, na kwamba mfanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya alizeti au mkulima wa vitunguu hana saa za kuchezea. Hao tunawajibu kwa habari za wafanyakazi wenzao. Mwaka 1978 wataalamu Baddeley na Longman walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakijifunza kupiga chapa. Wengine walifundishwa saa moja tu kwa siku. Wengine saa nne, katika vipindi viwili vya saa mbili mbili. Wale wa saa moja walizijua herufi za mashine baada ya saa kama 35 za mafunzo. Wale wa saa nne walihitaji kama 50. La ajabu ni kwamba wale wa saa moja ndio walionung'unika zaidi, kwa kuwa siku zilikuwa nyingi na walijiona wanachelewa. Basi uchache wa saa si balaa. Bandu bandu huisha gogo.

Uchunguzi mwingine, wa Wamarekani Shea na Morgan mwaka 1979, watuonya juu ya furaha ya bure. Waliorudia zoezi moja mpaka liishe ndipo waende jingine walionekana hodari siku ya mafunzo. Waliochanganya mazoezi walionekana wazito. Lakini walipojaribiwa tena baada ya siku kumi, wao ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo, ukishaishika mbinu ya kwanza, ongeza ya pili na ya tatu, kisha uzichanganye, wala usihuzunike zikikuchanganya kidogo.

Limebaki jambo la usalama. Katika mchezo huu, aliyeshindwa humgonga mwenzake kwa kiganja, naye mwenzake humwachilia papo hapo. Mwaka 1951, mjini Rio de Janeiro, Mjapani Masahiko Kimura aliupinda mkono wa Hélio Gracie. Hélio akakataa kugonga, mpaka kaka yake Carlos alipolisimamisha pambano. Watu wanalisimulia mpaka leo kuwa ni ushujaa. Lakini mkono wa mkulima ndio jembe lake, na kiwiko kikivunjika mwezi wa Novemba, msimu mzima umepotea. Mazoezini gonga mapema, na asiyeheshimu mgongo wa mwenzake asipewe mtu wa kufanya naye mazoezi. Mbinu za kukaba shingo zisijaribiwe kamwe bila mwalimu aliyezijua. Na pasipo na magodoro ya michezo, maranda ya fundi seremala yaliyotandazwa kwa unene na kufunikwa kwa turubai iliyovutwa vizuri yafaa zaidi kuliko sakafu ya saruji.

Tunawaomba viongozi wa vijana na walimu wa michezo wa Singida watafute chumba kimoja, saa moja, siku tatu kwa juma, na mwalimu aliyefunzwa judo, mieleka au jujitsu hii. Na kijana mwenye simu aitazame mbinu moja, aizime simu, amwite mwenzake, na aanze kuhesabu mara kumi za kwanza.