Walungu: Chupa ya dawa ya macho iliyobaki nyumbani inaweza kuharibu jicho

Katika nyumba nyingi za Walungu kuna chupa ndogo ya dawa ya macho iliyobaki. Ilinunuliwa mtoto alipougua, ikatumika siku nne au tano, jicho likapona, kisha chupa ikawekwa juu ya kabati au ndani ya sakoshi ya mama. Siku mtu mwingine wa nyumba anapoamka macho yakiwa mekundu, chupa hiyo ndiyo inatafutwa kwanza, kabla hata ya kufikiria kituo cha afya. Wachache wanasoma tarehe iliyoandikwa juu yake.

Sababu inaeleweka. Kutoka Walungu-centre hadi Bukavu, kwenye waganga wa macho, ni zaidi ya kilomita 40, na moto haibebi mtu bure. Tangu mji wa Bukavu uingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa pili mwaka 2025, benki zilifungwa, ndege za raia hazikutua tena Kavumu, na bidhaa nyingi, dawa zikiwa kati yake, zinafika kwa taabu. Mtu aliyelipa dawa kwa franka za mavuno yake anaona kutupa chupa yenye nusu ya dawa ni sawa na kutupa unga.

Lakini kuna jambo lingine linalofanya chupa ya zamani ipate sifa isiyo yake. Macho mekundu yanayoenea kutoka mtu mmoja hadi mwingine, yale ambayo wengi wanayaita apolo, kwa kawaida yanaletwa na virusi. Jina hilo lilianza mwaka 1969, ugonjwa ulipozuka Ghana wakati ule ule wa safari ya Apollo 11 kwenda mwezini. Virusi havisikii antibiotiki, na jicho hupona lenyewe baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo mtu anayetia dawa iliyokwisha muda anapona, anasifu chupa yake, na anampa jirani. Siku jirani ana kidonda cha jicho, si apolo, sifa hiyo inamponza.

Ni kweli pia kwamba dawa haigeuki sumu usiku wa manane tarehe inapofika. Wanaobisha juu ya hilo wana ushahidi wao. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya kupima dawa 122 zilizowekwa kwa ajili ya jeshi, na karibu 9 kati ya kila shehena 10 zilionekana bado nzuri angalau mwaka mmoja baada ya tarehe. Lakini zile zilikuwa zimefungwa bado, na zilitunzwa katika magala yenye hewa na joto vinavyoangaliwa. Chupa ya juu ya kabati imefunguliwa, imeshikwa na mikono mingi, na ncha yake imegusa kope za watu watatu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Tarehe iliyochapishwa kwenye sanduku, pembeni ya herufi EXP, ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Ikiandikwa 06/2027, maana yake dawa inaweza kutumika hadi mwisho wa mwezi wa sita, kama kifuniko bado hakijavunjwa. Mara tu chupa inapofunguliwa, hesabu mpya inaanza, na kwa chupa nyingi za matone hesabu hiyo ni siku 28 tu. Vichupa vidogo vya plastiki vya kutumia mara moja havina hata siku hizo, kwa sababu havina kihifadhi ndani: vinatupwa siku ile ile. Kwa hiyo chupa inaweza kuwa na mwaka mzima mbele yake kwenye maandishi, na kuwa imekwisha muda tangu zamani.

Kila unapobonyeza chupa, tone linatoka na hewa inaingia. Ncha ikigusa kope, kidole au tongotongo, vijidudu vinaingia na hewa hiyo. Kihifadhi kinaviua kwa muda, lakini nguvu yake inapungua. Dawa yenyewe pia inabadilika: nguvu inashuka, maji yanazidi kuwa makali kwa jicho, wakati mwingine chembechembe zinaanza kuonekana. Kloramfenikoli, dawa inayopatikana karibu kila farmasi, inahitaji baridi ya digrii 2 hadi 8 kabla ya kufunguliwa. Baridi ya milima ya Ngweshe inasaidia kidogo kuliko joto la Uvira, lakini haifikii frigo, na nyumba nyingi hazina umeme wa kuwasha frigo.

Kijidudu kinachoogopwa zaidi na waganga wa macho ni kile kinachoitwa Pseudomonas. Kinapenda maji, na kikipata mkwaruzo kwenye konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, kinaweza kuila kwa siku moja au mbili. Marekani walijifunza hilo kwa uchungu mwaka 2023. Matone ya kulainisha macho, yaliyotengenezwa India na kuuzwa bila karatasi ya muganga, yalikutwa na kijidudu hicho. Watu 81 katika majimbo 18 walipatwa na maambukizi. Kumi na wanne walipoteza uwezo wa kuona, wanne wakaondolewa jicho, na wanne walikufa. Shida ya chupa zile haikuwa tarehe. Ilikuwa usafi uliopotea. Na usafi ndio unaopotea kwanza katika chupa iliyofunguliwa zamani.

Walungu ina sababu zake za kuogopa mkwaruzo. Watu wanalima, na jani la mahindi au kijiti kinatosha kukwaruza jicho. Kwenye machimbo ya dhahabu kama Mukungwe, vipande vya mawe vinaruka. Jicho lililojeruhiwa namna hiyo halihitaji dawa ya kubahatisha. Ubaya unazidi kama chupa ya zamani ina dexamethasone, dawa ambayo mara nyingi inachanganywa na antibiotiki. Inaondoa wekundu haraka, mgonjwa anafurahi, kumbe inadhoofisha ulinzi wa jicho na kuacha kuvu au virusi vya malengelenge viendelee kula konea. Mtu anafika hospitali doa jeupe limeshatokea, na kovu la doa hilo mara nyingi halitoki.

Kundi lingine halipati maumivu yoyote, na pengine ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Ni wagonjwa wa glokoma, ambayo wengi wanaiita tansio ya macho. Wao wanatumia matone, timolol kwa mfano, kila siku na kwa maisha yote. Dawa yao ikipoteza nguvu, jicho haliwashi wala haliwi jekundu. Tansio inapanda kimya, mshipa wa jicho unakufa polepole, na kile kilichopotea hakirudishwi na dawa wala upasuaji. Kwa mgonjwa huyo, kubana matumizi kwa kuvuta chupa moja miezi mitatu ni kubana macho yake. Lakini asiache dawa ghafla kwa sababu amesoma tarehe. Atafute chupa mpya haraka na amwambie muganga kama imekosekana.

Anayenunua Mugogo siku ya soko, au kwenye farmasi ndogo ya barabarani, anaweza kujilinda kwa dakika moja. Aombe chupa iliyo ndani ya sanduku lake, aangalie namba ya shehena na tarehe, akatae ile iliyofutwa au kubandikwa karatasi nyingine juu. Pete ya kifuniko isiwe imevunjika. Dawa iliyokuwa angavu ikionekana na ukungu, au imebadilika rangi, isitiwe kwenye jicho hata kama tarehe ni nzuri. Na siku ya kufungua, aandike tarehe kwa bik juu ya chupa. Ni kazi ndogo, lakini bila hiyo siku 28 haziwezi kuhesabiwa. Kazi ya kuangalia ubora wa dawa nchini ni ya ACOREP, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, lakini mkaguzi hafiki kila meza ya soko.

Je, aliyekwisha kutia dawa iliyopita muda afanye nini? Mara nyingi hakuna kinachotokea zaidi ya kuwashwa, kwa hiyo hakuna haja ya hofu. Aache dawa hiyo, aoshe jicho kwa maji safi, na abebe chupa yenyewe anapokwenda kituo cha afya ili muuguzi ajue ni dawa gani. Jicho likiuma sana, likikimbia mwanga, likiona giza au likionyesha doa jeupe, asingoje kesho: aende hospitali kuu ya Walungu, na kama watamtuma mbele, huduma ya macho ya Hospitali kuu ya mkoa, Bukavu. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni anapelekwa siku ile ile, kwa sababu maambukizi ya wakati wa kuzaliwa yanaweza kupofusha kwa siku chache.

Chupa zilizokwisha muda zirudishwe kituo cha afya au farmasi, zisitupwe mahali watoto wanachezea. Na kwa apolo ya kawaida, maji yaliyochemshwa yakapoa na kitambaa safi vinatosha kuondoa tongotongo. Kila jicho lipate kitambaa chake, na kila mtu wa nyumba taulo yake.