Boliti Inayotakiwa Kukatika

Nyuma ya trekta dogo, pale shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye kifaa cha nyuma, inapoingia kwenye giaboksi ya slasha, yaani fyekeo la kufungwa nyuma ya trekta, kuna boliti moja nyembamba ambayo kazi yake kubwa ni kukatika. Mtengenezaji ameiweka pale makusudi. Kisu kikigonga kisiki cha mnazi au kipande cha zege kilichosahaulika kwenye kiwanja, nguvu ya injini hutafuta pa kutokea, na boliti hiyo hukubali kukatika kabla meno ya giaboksi hayajang'oka, krosi haijapasuka wala shafti haijapinda. Dereva anazima, anashuka, anagonga vipande vitoke, anaweka boliti nyingine, kazi inaendelea. Ajabu ni kwamba katika mashine nzima, hicho ndicho kitu ambacho wenye matrekta hukifanyia marekebisho kwanza. Ikikatika mara mbili asubuhi moja, mchana inawekwa ngumu zaidi. Ikikatika na hiyo, kinaingia kipande cha nondo, na mwisho wa safari hiyo pale pale panachomelewa. Ni yale yale ya kuweka waya mahali pa fyuzi. Tangu hapo hakuna kinachokatika tena, mpaka siku giaboksi yenyewe inapopasuka.

Hoja ya makala hii ni kwamba boliti hiyo ina taarifa, na taarifa yenyewe mara nyingi inahusu uamuzi uliofanyika dukani. Boliti inayokatika kila wiki huenda inasema kuwa kifaa kilichofungwa nyuma hakiendani na trekta, au na ardhi, au na kazi. Wengi wetu tunanunua trekta kwanza, kwa rangi yake na kwa mlio wa injini, kisha tunapokea kifaa chochote kilichokuja nalo. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake: anza na kazi na ardhi, chagua kifaa, halafu tafuta trekta litakalokivuta na kukizungusha bila kuteseka.

Mbagala, Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili kwa sababu ya Kilwa Road. Ukipita Kongowe unaingia Vikindu na Mkuranga, mbele kuna Kibiti na Ikwiriri mpaka Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, na watu wa Charambe, Chamazi na Toangoma wana mashamba yao huko. Mwenye ekari kumi za mikorosho, mihogo na minanasi hana haja na trekta la nguvu ya farasi 75. Anatafuta dogo, la farasi 18 hadi 30, na soko limemjibu kwa matrekta yaliyotumika kutoka Japani: Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura. Mengi huja na rota nyuma, yaani mashine ya visu vya kusaga udongo, kwa kuwa huko yalikotoka yalikuwa yakivuruga matope ya majaruba ya mpunga. Mnunuzi anaona amepewa vitu viwili kwa bei ya kimoja. Hapo ndipo uchaguzi unapofanyika bila yeye kuchagua.

Rota si kifaa kibaya. Ipeleke kwenye mfinyanzi wa bonde la Rufiji, kwenye mpunga, utaipenda. Tatizo ni kuipeleka kwenye kichanga cha Mkuranga. Udongo ule tayari ni laini na una mboji kidogo. Rota inausaga unakuwa unga, na mvua ya kwanza ya masika inateremka nao bondeni. Mchanga nao unalipiza kisasi, unakula makali ya visu vya rota kama msasa. Plau ya sahani ina shida ya aina nyingine: inataka uzito. Matrekta haya madogo mengi hayafiki tani moja, na sahani isipozama, matairi yanazunguka pale pale, dereva anaongeza moto, dizeli inaisha na shamba linabaki na michirizi. Mwenye trekta anasema injini imechoka. Injini ni nzima, amelitwisha trekta mzigo wa trekta lenye uzito mara mbili ya hilo.

Kifaa kinachoendana zaidi na trekta dogo katika ukanda huu, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni slasha. Sababu ya kwanza ni korosho. Mkorosho hauchumwi, korosho iliyokomaa huanguka na kuokotwa chini, kwa hiyo kabla ya msimu kuanza mwezi wa Oktoba chini ya miti panatakiwa pawe peupe. Kulima chini ya mkorosho kunakata mizizi ya juu, na kuchoma majani ni kucheza na shamba zima. Kinachobaki ni kufyeka. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inaacha njia pana kati ya mistari, lakini matawi yake huinama, na trekta refu linayavunja au linapita mbali na shina. Trekta fupi linaingia. Sababu ya pili iko hapa hapa mjini. Kuanzia Mbande hadi Toangoma kuna viwanja vilivyonunuliwa na havijajengwa, kuna viwanja vya mpira, kuna maeneo ya shule na ya ibada, na nyasi za huko hazingoji msimu wa kilimo.

Katika kuchagua slasha yenyewe, hesabu ya mafundi ni fupi: kila futi moja ya upana inataka nguvu ya farasi kama tano kwenye PTO. Slasha ya futi nne inataka farasi 20, ya futi tano inataka 25. Zingatia neno PTO, maana namba iliyobandikwa kwenye boneti ni ya injini, na ikifika nyuma imeshapungua kwa takriban asilimia 15. Trekta la farasi 24 lina karibu 20 tu kwenye shafti. Kwa hiyo ni la futi nne, hata kama muuzaji anakuapia kwamba linabeba tano. Wenzetu wa nchi za baridi wana ubishi huu huu. Trekta la aina hii hii, Kanada au kisiwa cha Hokkaido, hufungwa mashine ya kupuliza theluji na kuendeshwa na PTO, na mnunuzi wa huko naye hushawishika kuchukua pana ili amalize haraka, kisha injini inazima katikati ya theluji nzito. Na parafujo lake kubwa la kukusanyia theluji limeshikwa kwa boliti za kukatika, kwa sababu chini ya theluji kuna mawe kama chini ya nyasi zetu.

Sasa turudi kwenye boliti, maana fundi mzoefu huanzia hapo. Mpelekee ile iliyokatika, asiangalie trekta kabisa, bado atakuwa na la kukueleza. Atageuza kipande mkononi atazame uso wa pale ilipokatikia. Uso ukiwa laini na unang'aa wote, imekatika kwa pigo moja: mmegonga kitu, boliti imefanya kazi yake, nunua nyingine. Uso ukiwa nusu mweusi wenye kutu na nusu mpya, ilianza kuchanika siku nyingi. Nati ilikuwa imelegea au tundu limepanuka na kuwa na umbo la yai, na boliti ilikuwa ikichezacheza humo kila mzunguko. Hapo hata ukiweka mpya kila siku itakatika, mpaka tundu lenyewe litengenezwe. Kisha atauliza ilikatika saa ngapi ya kazi. Ikiwa ni ile dakika ya kuunganisha PTO, kosa ni la mkono wa dereva: ameunganisha injini ikiwa tayari inanguruma, visu vizito vilivyotulia vikatakiwa virukie kasi yote kwa mkupuo. PTO huunganishwa moto ukiwa chini, halafu unapandishwa taratibu. Ikiwa inakatika katikati ya majani tu, bila kugonga kitu, atataka kujua ukubwa wa trekta. Slasha pana nyuma ya trekta dogo huzima injini. Slasha ndogo nyuma ya trekta kubwa hukata boliti, kwa kuwa nguvu inayokuja ni zaidi ya ile giaboksi iliyotengenezewa.

Mwisho atageuza kichwa cha boliti kutafuta namba. Boliti za kipimo cha milimita huchapwa namba kichwani: 4.6, 8.8, 10.9, 12.9. Namba iliyo kabla ya nukta inaeleza uimara wa chuma. Ya 8.8 inastahimili mvuto mara mbili ya ya 4.6 yenye unene ule ule, na ya 12.9 mara tatu. Kwa hiyo ukitoa ya 4.6 ukaweka ya 12.9, kwa macho hujabadilisha kitu, urefu ni ule ule na spana ni ile ile, lakini umeiondolea mashine ulinzi wake. Siyo kwamba laini ndiyo nzuri daima. Zipo slasha zilizotengenezwa kwa boliti ya 8.8, na ukiweka laini zaidi utashinda unabadilisha. Namba sahihi ni ile aliyoiandika mtengenezaji. Je, mashine iliyotumika, yenye stika za Kijapani na isiyo na kitabu, mnunuzi ataijulia wapi namba hiyo? Na slasha iliyochomelewa mtaani, isiyokuwa na mtengenezaji wa kuandika chochote, inapimwa na nani? Tunacho kituo cha CAMARTEC kule Arusha, ambacho kazi zake ni pamoja na kujaribu zana za kilimo. Kutoka Arusha hadi banda la kuchomelea la Mbagala ni mbali, na si kwa kilomita peke yake.

Wapo watakaosema hoja hii haijui biashara. Wa kwanza atasema wateja wanaita trekta kulima, hawaiti kufyeka. Ni kweli kwamba msimu wa kulima una fedha nyingi kwa siku. Lakini ni siku chache, kabla ya vuli na kabla ya masika, na katika siku hizo trekta dogo linashindana na makubwa yanayomaliza ekari upesi zaidi. Nyasi zinaota katikati ya misimu yote miwili. Wa pili atasema basi bora tela, linaingiza hela mwaka mzima kwa kubeba mchanga, tofali na maji. Huyu ana hoja nzito kuliko wa kwanza, na historia iko upande wake: baada ya mpango wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, pawatila (matrekta ya mkono ya magurudumu mawili) nyingi zilizoletwa kwa ajili ya jembe zilionekana zikikokota matela barabarani. Hata hivyo tela haligusi PTO. Mtu anayenunua trekta kwa ajili ya tela pekee amenunua gari la mizigo la bei mbaya na la mwendo wa pole, na Kilwa Road kuna Kirikuu, toyo na guta zinazofanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Tela liwe kifaa cha pili. Wa tatu atasema boliti za nini, si kuna klachi ya kuteleza? Ipo, na ni nzuri kwa mwenye kuitunza. Ikikaa miezi kwenye unyevu wa Pwani sahani zake hushikana kwa kutu, na klachi iliyoshikana ni sawa na boliti iliyochomelewa.

Liko jambo moja ambalo halina upande wa pili. PTO ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Plastiki inayofunika shafti ndiyo inayoanza kuvunjika na ndiyo isiyorudishwa. Kanga, shati refu au kamba ya kiatu ikinaswa, hakuna mtu mwenye kasi ya kujinasua. Na ncha ya kisu cha slasha ya futi nne hupita kilomita 150 kwa saa, kwa hiyo jiwe au kifuu kinachorushwa kutoka chini yake hakina tofauti kubwa na risasi. Ongeza kwamba baadhi ya matrekta ya Japani yana gia kadhaa za PTO, ya kwanza ikiwa karibu na 540 na zinazofuata zikizidi sana. Dereva asiyeambiwa huweka ya pili akidhani anaharakisha kazi. Kufyeka kiwanja cha shule ya Mbagala huku watoto wamesimama pembeni wakishangilia trekta ni jambo la kukatazwa, siyo la kuonywa tu.

Kwa hiyo ukienda kununua, usianze na boneti. Zunguka nyuma. Pima upana wa slasha kwa futi, zidisha kwa tano, ulinganishe na nguvu ya PTO. Angalia kama kifuniko cha shafti kipo na kinazunguka chenyewe shafti ikiwa imetulia. Tikisa shafti uone kama tundu la boliti limepanuka. Itoe boliti yenyewe, usome namba kichwani, na kama ni nondo au pamechomelewa, hesabu giaboksi mpya ndani ya bei. Ukiridhika, omba boliti kumi za akiba za namba hiyo hiyo kabla hujalipa. Muuzaji akishindwa kukuonyesha boliti hiyo ilipo, ondoka na hela yako.