Friji Kuukuu: Ng'oa Mlango Kwanza

Friji ikishakufa, wengi wetu huisukuma nyuma ya nyumba. Hatari! Mtoto akijificha ndani na mlango ukajifunga, hewa humwishia upesi, na kilio chake hakisikiki nje. Ng'oa mlango leo, hata kabla ya kutafuta mnunuzi. Utampa pamoja na friji.

Fundi huenda akakupa zaidi ikiwa kompresa ingali nzima. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu hupima kilo tu. Jijini Nairobi, WEEE Centre hupokea taka za umeme, lakini ulizia kwanza kama watakuja kuichukua, la sivyo gharama ya pikapu ni yako.

Usikubali mtu akate mabomba uani. Friji nyingi za zamani zina gesi inayoharibu ozoni. Nyingi za kisasa, gesi inayoshika moto.